Mpira wa mkojo: mawingu kwenye mfuko si ugonjwa

Malalamiko yanayotufikia kutoka wodini ni ya namna mbili, na yanapingana. Wapo wanaosema mgonjwa wao kaondoshewa mpira wa mkojo (neli laini inayoingizwa kibofuni kuutoa mkojo hadi kwenye mfuko) ilhali bado hajiwezi, na wapo wanaosema mkojo kwenye mfuko una mawingu na daktari hakuandika dawa. Mara nyingi, katika yote mawili, wodi imefanya sawa.

Vijidudu hupanda kwa nje ya mpira kutoka kwenye ngozi, au kwa ndani kutoka kwenye mfuko. Vikishashika hujijengea utando wa ute ambao dawa haiupenyi vizuri. Kila siku mpira unapokaa, wagonjwa baina ya 3 na 7 katika kila 100 huanza kuwa na vijidudu kwenye mkojo. Ukitimia mwezi, karibu wote wanavyo. Kwa hiyo kila asubuhi huulizwa kama mpira bado una kazi. Mkojo uliojifunga ni kazi. Mgonjwa mahututi anayepimwa mkojo kila saa, naye pia. Shuka kulowa, peke yake, si kazi. Tunajua tabu ya kubadilisha shuka saa nane za usiku, lakini shuka hufuliwa.

Kuwa na vijidudu si kuugua, na hili limeshasemwa mara nyingi. Tunatafuta homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka, maumivu chini ya kitovu au ubavuni, au kuchanganyikiwa kwa ghafla kusiko na sababu nyingine. Bila dalili hizo dawa haianzwi, isipokuwa kwa mjamzito au anayesubiri upasuaji wa njia ya mkojo. Mawingu na harufu havitoshi. Hata mfuko ukigeuka zambarau, jambo linalowapata zaidi kina bibi wenye choo kigumu, hajarogwa mtu: ni vijidudu vinavyotengeneza rangi. Mwiteni muuguzi, si mganga.

Dalili zikiwepo, mkojo huoteshwa maabara kabla ya dozi ya kwanza. Sampuli haichukuliwi kwenye mfuko, kwa sababu mkojo uliolala humo tayari ni shamba la vijidudu. Muuguzi hubana mrija unaounganisha mpira na mfuko kwa muda mfupi chini ya tundu la sampuli, husugua tundu kwa spiriti, huliacha likauke, kisha huvuta mkojo kwa bomba safi la sindano na kuufungua mrija papo hapo. Mpira uliokaa zaidi ya wiki 2 na bado unahitajika hubadilishwa kwanza, na sampuli hutoka kwenye mpira mpya. Kutibu juu ya mpira mkongwe ni kumwaga dawa. Sampuli isiyoweza kufika maabara mapema hukaa kwenye friji. Dawa kwa kawaida ni siku 7 mgonjwa akipata nafuu haraka, 10 hadi 14 akichelewa. Jamaa anayemtilia mgonjwa kidonge cha sepro (ciprofloxacin, dawa ya kuua vijidudu) alichokinunua usiku, bila ya cheti, huharibu majibu: maabara haioteshi kitu, na daktari hubaki kubahatisha.

Sasa mfuko. Kosa linaloonekana sana ni chupa ya maji iliyokatwa shingo, ikizunguka kitanda hadi kitanda kukinga mkojo wa wodi nzima. Chupa hiyo hubeba vijidudu sugu kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwengine. Kila mgonjwa awe na chombo chake. Nawa mikono, vaa glavu, fungua koki ya chini bila ncha yake kugusa chombo, funga, futa ncha kwa spiriti, soma kiasi umwambie muuguzi, mwaga chooni, vua glavu, nawa tena. Usingoje mfuko ujae. Theluthi mbili inatosha. Mfuko uning'inie chini ya usawa wa kibofu na usiguse sakafu. Wakati wa kumpeleka mgonjwa eksirei, wengi humpakatisha mfuko tumboni, na mkojo wa jana hurudi kibofuni. Umwageni kwanza, kisha ning'inizeni pembeni mwa kitanda. Mpira na mrija visitenganishwe kwa sababu yoyote ya nyumbani, iwe kuoga au kusali.

Wazee wa tezi dume wanaorudi na mpira visiwani Kojani au Tumbatu wamwage mfuko kabla ya kupanda mashua na waufunge pajani, si begani. Mahali mpira unapoingilia paoshwe kwa maji na sabuni kila siku, Detoli haihitajiki. Mpira usivutwe: ndani kuna puto lenye maji, kwa kawaida mililita 10, na likitoka limejaa huchana njia ya mkojo. Mkojo ukikoma kushuka na tumbo la chini likajaa, kwanza angalieni kama mrija umejikunja au mgonjwa ameulalia. Kama haukujikunja, msisubiri mashua ya asubuhi.