Kutoa kazi nje: yanayoeleweka visivyo

Kampuni inapotoa kazi nje, inamlipa mkandarasi afanye kazi ambayo wafanyakazi wake wenyewe wangeweza kuifanya: kuandaa mishahara, kupokea simu za wateja, ulinzi, usafi, kutunza kompyuta. Maana yake ni hiyo tu. Mengine ni nyongeza za watu, na nyongeza nyingine zinagharimu fedha.

Kwanza, si lazima kazi ivuke mpaka. Kampuni ya ulinzi iliyopo mtaa wa pili ni mkandarasi wa nje kama ilivyo ile ya ng'ambo. Nayo kampuni inayofungua tawi lake nchi nyingine na kuajiri huko imehamisha kazi tu, haijamkabidhi mtu. Wala si jambo la wakubwa peke yao. Mwenye biashara ndogo anayempelekea mhasibu wa kujitegemea hesabu zake kila mwezi anafanya jambo lile lile.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba ukitoa kazi nje, umepunguza gharama. Huenda ikawa hivyo, lakini usiipime kwa bei ya kwenye mkataba. Mtu atatafuta mzabuni, atajadiliana naye, atakagua kazi, na atakimbizana naye mambo yakienda kombo, na mtu huyo analipwa mshahara. Mchumi Mwingereza Ronald Coase alilieleza hili mwaka 1937: kununua huduma sokoni kuna gharama zake, na ndiyo sababu kampuni huajiri watu badala ya kununua kila kitu kwa wengine.

Boeing waliyaona hayo kwa ndege yao ya 787. Usanifu na uundaji wa sehemu kubwa za ndege hiyo walizikabidhi kampuni nyingine, zikiwemo za Japani na Italia, na baadhi ya sehemu zilifika kiwandani zikiwa hazijakamilika. Ndege ya kwanza, iliyotarajiwa kwa mteja mwaka 2008, ilikabidhiwa Septemba 2011. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2009, Boeing walilazimika kununua kiwanda cha mmoja wa wakandarasi wao huko South Carolina.

Kuna na wanaodhani kwamba kazi ikitoka, lawama nazo zimetoka. Mwaka 2013 wadukuzi waliiba taarifa za kadi zipatazo milioni 40 za wateja wa maduka ya Target, Marekani. Waliingia kwa kutumia nywila walizomwibia mkandarasi wa mitambo ya kupoza hewa. Nani alimkumbuka mkandarasi? Wateja waliilaumu Target, na Target ndiyo iliyolipa fidia. Mkataba unaweza kukupa haki ya kumdai mkandarasi baadaye, ila mbele ya mteja jina lililopo ni lako.

Wengine huamini kwamba mkataba mzuri unatosha. Mimi naona mkataba huleta kile unachokipima, hata kama sicho ulichokitaka. Mlipe mkandarasi wa kupokea simu kwa idadi ya simu, nao wahudumu watajifunza kuzimaliza upesi: mteja anaulizwa jina, namba ya akaunti, anaambiwa "tutalishughulikia", simu inakatwa. Kesho anapiga tena, na wewe unalipia simu ya pili kwa tatizo lile lile. Ungepima matatizo yaliyokwisha kwa simu moja, ungepata huduma nyingine kabisa.

Kwa hiyo usimwachie mkandarasi ujuzi wote. Abaki ndani walau mtu mmoja anayeielewa kazi yenyewe, vinginevyo hakuna wa kukagua, na siku mkataba ukiisha hakuna wa kuipokea. Na kabla ya kusaini, iandikwe waziwazi kwamba data ni mali yenu, nywila zote zitarudishwa kwenu, na mkandarasi atamfundisha mrithi wake kwa muda uliotajwa.