Patiko kabla haijaitwa Ngome ya Baker

Ukitoka mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, ukashika njia ya kaskazini, mwendo wa kilomita 30 hivi, unaona miamba imejitokeza katikati ya nyika. Hapo ndipo Patiko. Wengi hupaita Ngome ya Baker, na watoto wa shule huondoka wakijua kwamba Mwingereza Samuel Baker, aliyetumwa na Khedive (mtawala) Ismail wa Misri, alipigana hapo Agosti 1872 akawashinda wafanyabiashara wa watumwa. Ni kweli, ila si yote. Baker hakukuta pori tupu. Kituo kilikuwapo, kina watu wake wenye bunduki, ng'ombe wa kuporwa, na mateka.

Kilikuwa cha wafanyabiashara wa Khartoum, ambao Waacholi, wenyeji wa hapo, waliwaita Kutoria. Walifuata pembe za ndovu. Pembe zilitaka wachukuzi, na watu wao wenye bunduki mara nyingi walilipwa kwa ng'ombe na binadamu badala ya fedha. Biashara moja ikazaa nyingine. Mateka walisukumwa kwa miguu hadi Gondokoro, karibu na Juba ya leo, kisha wakapakiwa mashuani kufuata Nile.

Vituo vya aina hiyo viliitwa zariba: uzio wa miiba, ndani yake vibanda vya nyasi. Miiba huoza na nyasi huliwa na mchwa. Mgeni aliyesikia habari za Unguja na Bagamoyo, akija kutafuta kuta za mawe na minyororo, atapita asione kitu. Hapa ardhi yenyewe ndiyo jengo. Mimi humwambia ashuke kwanza ndani ya handaki la ngome, ambalo sasa limejaa udongo, halafu apande mwambani. Juu pale anaona mbali pande zote. Nyasi zikishachomwa, anayetoroka hana pa kujificha. Kati ya mawe kuna nyufa na mapango ambayo wenyeji husimulia kwamba mateka walifungiwa humo. Weka kiganja kwenye jiwe saa saba mchana, uone utakiacha kwa muda gani.

Jambo moja ambalo watu hulisahau: Florence, mke wa Baker, aliyekuwa naye hapo Patiko, mwenyewe alitolewa kwenye mnada wa watumwa mjini Vidin, Bulgaria, mwaka 1859.

Kusini mambo ni magumu zaidi kuyaona. Wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Suuna, Kabaka (mfalme) wa Buganda, miaka ya 1840, na watu wakavushwa Ziwa Viktoria kuuzwa. Lakini wengi waliotekwa vitani walibaki Buganda kwenyewe. Wanawake, walioitwa abazaana, waliishi ndani ya nyua za mabwana zao, nyuma ya uzio wa matete, wakilima, wakichota maji. Hawakuwa na nyumba ya pekee ambayo leo tungeiwekea kibao. Matete yalichakaa, yakasukwa mengine.

Dufile, ngome nyingine ya serikali ya Misri ukingoni mwa Nile, kuna afadhali: tuta la udongo na handaki bado vinaonekana. Baadhi ya askari wa ngome hizo walikuwa wametekwa utotoni wakatiwa jeshini. Wajukuu zao ni Wanubi wa Bombo.

Ukipanga kuzuru Patiko, nenda kiangazi. Mvua zikikolea, nyasi hulifunika handaki lote, ukadhani ni uwanja tu.