“Kila huduma tumeshaipima, iko sawa”

Nimeisikia tena wiki hii, mara ya tatu mwezi huu. Mfumo wa tiketi za basi unasuasua, na mteja ananifungulia jedwali la wastani wa muda ambao kila huduma, yaani kila programu ndogo ndani ya mfumo, huchukua kujibu: huduma ya viti milisekunde 80, nauli 60, malipo ya simu 150, SMS 40. Anajumlisha, anapata 330, kisha ananiuliza abiria wanalalamikia nini.

Hakuna abiria anayeitwa Wastani. Chukua huduma inayojibu haraka maombi 99 kati ya 100, na 1 ikalikwamisha sekunde nzima. Ikiwa peke yake haikusumbui. Sasa tiketi moja iguse huduma 5 za namna hiyo: zidisha 0.99 tano pamoja, utapata kama 0.95. Abiria 5 katika kila 100 wamekwama. Zikifika huduma 100, wanaokwama ni 63. Na usiniambie mnaziita zote kwa mpigo mmoja. Msafara huondoka akishafika aliyechelewa. Isitoshe, hesabu hiyo inachukulia kwamba kila huduma inajitegemea. Zikichangia hifadhidata moja, hukwama pamoja, na jedwali la huduma mojamoja halitakuonyesha hilo kamwe. Zipimeni zikiwa zimeunganishwa.

Na muunganisho uwe wa kweli! Kila mara nakuta mahali pa malipo pamewekwa huduma bandia inayojibu kwa milisekunde 5, asubuhi na jioni, kwa sababu kampuni ya malipo haikuruhusu majaribio. Haya, haikuruhusu. Lakini kumbukumbu za majibu yake mnazo. Chukueni za wiki mbili, pamoja na zile saa mbaya mnazopenda kuzifuta, muifanye bandia yenu ichelewe vilevile.

“Simulesheni ni kubahatisha.” Ukiilisha wastani hiyo programu inayouiga mfumo, ndiyo. Ukiilisha mtawanyo wa muda uliopimwa, majibu ya haraka na ya polepole yote, itakukadiria mzigo wa maombi wa mara nne ambao huna mashine za kuujaribu. Kwanza iige mzigo ambao tayari umeupima. Isipolingana na vipimo vyako, itupe.

“Seva iko asilimia 90, bado ina nafasi.” Katika modeli rahisi kabisa ya foleni, yenye seva moja, kazi ya milisekunde 100 huchukua 200 seva ikiwa na shughuli nusu ya muda, 500 ikifika asilimia 80, na 1,000 ikifika 90. Hiyo nafasi iko wapi?

“Ikishindikana, mfumo ujaribu tena.” Tabaka 3 za huduma zinazoitana, kila moja ikijaribu mara 3, ni maombi 27 kwa huduma iliyo chini yao zote, ambayo ilishindwa hata lile moja.

Mwisho, angalieni programu yenu ya kupimia. Kama inangoja jibu ndipo itume ombi linalofuata, mfumo ukipunguza mwendo nayo inapunguza, na matokeo yanapendeza. Abiria wanaotafuta tiketi za Moshi mwezi wa Desemba hawangojani hivyo.