Bastola ya marehemu haimo kwenye mirathi

Malalamiko yanayofika mezani kwetu polisi siku hizi mengi yanatoka kwa wafiwa: mzee amezikwa, bastola yake imo kabatini, watoto wanagombania nani abaki nayo. Hakuna. Chini ya Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970, cheti hupewa mtu, si nyumba wala ukoo.

Anayetaka kumiliki silaha sharti awe ametimiza miaka 25 na aeleze anaihitajia nini. Maombi huandikwa kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, lakini hayaanzii Naguru, makao makuu ya polisi. Huanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anayekufahamu, yakapita kwa mkuu wa polisi wa wilaya, mwenendo wako ukachunguzwa. Hata ukikipata, cheti huhuishwa kila mwaka. Kukutwa na bunduki bila cheti ni jinai, na kifungo chake hufika miaka 10. Risasi peke yake, bila bunduki, nayo ni kosa. Wengi hawaliamini hili mpaka wasomewe mashtaka.

Kisha kuna wanaotuambia, “Afande, bunduki ya baba ilishachukuliwa alama.” Ni kweli, baada ya agizo la Rais la mwaka 2018 bunduki zilianza kuchukuliwa alama za risasi na maganda yake. Alama hizo hutuonyesha bunduki iliyofyatua. Hazituonyeshi kidole kilichofyatua! Ndiyo maana tunang'ang'ania kujua nani anaishika.

Mei 2023 mkopeshaji fedha aliuawa jijini Kampala kwa AK-47. Aliyempiga risasi alikuwa konstebo ambaye, kwa maelezo ya polisi wakati ule, alishazuiwa kushika silaha kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Bunduki iliaminika kuwa ya askari mwenzake waliyeishi nyumba moja. Ikiwa hayo hutokea kwa askari, kabati la marehemu lenye funguo tatu mikononi mwa ndugu watatu ni hatari zaidi.

Basi, msiba ukitokea, msiisafishe silaha wala kuipakia kwenye bodaboda kuileta kituoni. Mjulisheni mwenyekiti, pigeni 999 au kituo cha karibu, askari waifuate. Toeni na cheti cha marehemu. Risasi zihesabiwe mbele yenu, na askari wasiondoke kabla hamjapewa karatasi ya makabidhiano yenye namba ya bunduki.