Je, wajua ni sabuni inayopanga matundu ndani ya utando wa kioo?

Chovya kipande cha kioo kwenye kimiminika cheupe kama maji, kisha kivute juu polepole. Pale kinapoibukia utaona mistari ya rangi, kama ya mafuta ya taa juu ya dimbwi. Ni utando unaokauka huku ukizidi kuwa mwembamba. Kwa sekunde hizo chache, matundu yasiyohesabika yanajipanga kama sega la nyuki, kila moja likiwa na upana wa nanomita 2 au 3 tu. Unywele wako una takriban nanomita 80,000!

Anayeyapanga ni sabuni. Ndani ya kimiminika mna ethanoli, maji, asidi kidogo, kemikali ya silikoni itakayogeuka kuta, na molekuli za jamii ya sabuni, zenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Mwanzoni ni chache, kila moja inaelea kivyake. Ethanoli ikishaanza kuruka hewani, zinabanana: mikia inajificha ndani, vichwa vinabaki nje, vinatokea vijiti vinavyolala bega kwa bega. Silika, yaani kioo kinachotokana na ile kemikali ya silikoni, inagandia kuvizunguka. Ondoa sabuni, kwa mfano kwa kuichoma, na kila palipokuwa na kijiti panabaki tundu.

Watafiti wa kampuni ya Mobil walitangaza unga wenye matundu ya namna hii mwaka 1992. Mwaka 1997 mtafiti Jeffrey Brinker na wenzake, huko New Mexico, Marekani, wakaonyesha utando wake.

Lakini silika tupu ina kasoro: matundu yake hunyonya unyevu wa hewani. Utando uliokusudiwa kuhami nyaya ndani ya chipu za kompyuta ukilowa, umeharibika. Ndiyo maana mwaka 1999 makundi matatu, Japani, Kanada na Marekani, yaliingiza kaboni ndani ya kuta zenyewe, kati ya silikoni na silikoni. Kwangu mimi hapo ndipo penye ufundi hasa, kwa sababu sasa huwezi kuchoma sabuni ovyo. Moto ukizidi, kaboni ya kuta nayo inaungua. Wengi huiosha kwa alkoholi yenye asidi, au hupasha joto la wastani.

Mpangilio unathibitishwaje? Eksirei zikipigwa kwa pembe ndogo sana hurudi kwa nguvu pale tu safu zinapojirudia kwa umbali sawa. Ukubwa wa matundu hupimwa kwa mvuke: unaingizwa kidogo kidogo huku mwanga ukimulikwa juu ya utando. Tundu dogo hujaa kwanza, na kila linapojaa, mwanga unaoakisiwa hubadilika.