Ubongo wa Paka na wa Mtu Huundwa Mapema

Watu wengi huniuliza kama paka ana akili ya mtoto wa miaka miwili. Swali hilo linachukulia kuwa viumbe wamepangwa kwenye ngazi, paka chini na mtu juu. Sivyo mabadiliko ya viumbe yalivyokwenda. Babu wa pamoja wa paka na binadamu, mnyama mdogo mwenye manyoya, aliishi zaidi ya miaka milioni 80 iliyopita, na tangu hapo kila ukoo umeshika njia yake. Paka hayuko safarini kuwa mtu.

Tulichorithi sote kwa babu huyo ni ramani ya ubongo. Ubongo wa paka una gramu 30 hivi, wetu hufika 1,300 na kuzidi. Gamba la ubongo wake, yaani tabaka lake la nje, lina seli za neva zipatazo milioni 250, letu bilioni 16. Hata hivyo sehemu kuu ni zilezile: amigdala inayoshughulikia hofu, hipokampasi ya kumbukumbu, na kisogoni eneo la kuona. Paka anayejificha uvunguni mgeni anapoingia hana kiburi. Anaogopa, kwa sehemu zilezile za ubongo zinazotutia hofu sisi.

Ramani hiyo ya pamoja ndiyo iliyowapa wanasayansi wa ubongo David Hubel na Torsten Wiesel nafasi ya kuuelewa ubongo wetu kupitia wa paka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, walifumba jicho moja la watoto wa paka kwa wiki kadhaa kwa kushona kope. Walipolifungua, jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini seli za ubongo hazikuliitikia tena. Karibu zote sasa ziliitikia jicho lililobaki wazi tu. Paka mzima aliyefumbwa jicho hakupata dhara hilo. Lilikuwa jaribio chungu kwa wanyama wale, na sioni haki kulisimulia bila kulitaja hilo. Ndilo lililotufunulia kwamba ubongo mchanga una kipindi chake cha kuundwa, na kikipita ni vigumu sana kukirudisha. Mwaka 1981 wawili hao walikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Tabia nayo ina kipindi chake. Mtoto wa paka huzoea watu kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya 2 na ya 7. Akishikwa kwa upole kila siku, na watu zaidi ya mmoja, hukua akiwaendea watu. Asipowazoea mapema, mara nyingi hubaki mwoga hata umlishe vizuri kiasi gani. Paka wa namna hiyo usimpigie kelele wala kumchapa, maana utakuwa unamthibitishia kwamba alikuwa na sababu ya kuogopa. Kaa chini, nyamaza, mwache asogee mwenyewe. (Ule mlio wa nyau nao una asili ya utotoni: mtoto wa paka humwitia mama yake. Paka wazima huutumia kwa nadra wao kwa wao, lakini huendelea kutulilia sisi.)

Kwa watoto wetu, somo la paka wale linahusu macho. Mtoto anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, na ubongo wake ukakosa picha katika miezi ileile unayoihitaji. Upasuaji ukichelewa, jicho litasafishwa lakini uoni hautarudi wote. Ukiona weupe ndani ya mboni, mpeleke kwa daktari wa macho bila kukawia. Makengeza yanayoendelea baada ya miezi michache ya kwanza nayo yapimwe. Usingoje aanze shule.