Homa ya Mgunda: Tahadhari kwa Wakazi wa Mabondeni Msimu wa Masika

Masika yanapoanza, malalamiko ya panya huongezeka kutoka makazi ya bondeni jijini Dar es Salaam, hususan kando ya Mto Msimbazi, na mengi huhusu nguo zilizotafunwa na viroba vya unga vilivyotobolewa. Ugonjwa hutajwa kwa nadra, na hata unapotajwa, mwananchi huulizia kung'atwa tu.

Homa ya mgunda, ambayo wengi waliisikia Julai 2022 baada ya watu 20 kuugua na 3 kati yao kufariki mkoani Lindi, husababishwa na bakteria wanaotoka katika mkojo wa wanyama, panya akiwa miongoni mwao. Mkojo huo huchanganyika na maji ya mtaro, na bakteria huingia mwilini kupitia mchubuko, macho, pua au mdomo. Mpangaji anayevuka uani kwenye maji yaliyotuama ili afike choo cha nyumba nzima yumo hatarini hata kama hajamwona panya, na kandambili hazimkingi.

Dalili, ambazo huweza kuchelewa hadi siku 30, ni homa ya ghafla, maumivu ya kichwa na ya misuli, hasa vigimbi, na macho kuwa mekundu. Wengine hupata manjano, figo kushindwa kufanya kazi au kutokwa damu puani. Kipimo cha malaria kikionesha huna vimelea, homa bado ina sababu yake. Inasikitisha kwamba hadi leo wapo wanaotoka kupimwa malaria na kwenda moja kwa moja duka la dawa. Mweleze daktari kwamba ulikanyaga maji ya mafuriko, kwani antibaiotiki hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema.

Kuhusu takataka zinazowalisha panya, Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya mamlaka ya kukagua eneo na kutoa notisi ya maandishi inayotaja kero na muda wa kuiondoa. Muda huo ukipita ukaguzi hurudiwa, na aliyekaidi anaweza kufikishwa mahakamani. Mlalamikaji aanzie kwa mtendaji wa mtaa, akiwa na jina la mwenye nyumba na namba ya nyumba. Ofisi ya afya haigawi paka wa kukamata panya.

Anayetumia sumu asitupe mizoga mtaroni. Avae glovu, aimwagie dawa ya klorini, kisha aizike mbali na kisima.